Vidonge vya aleji: kifungashio ndicho kinacholinda mtaji kutoka bandarini hadi Kigali

KIGALI

Mfanyabiashara anayeagiza vidonge vya aleji kutoka India, Kenya au Ulaya na kuviuza Kigali hanunui dawa peke yake. Ananunua pia plastiki, karatasi ya alumini, kopo na boksi ambamo dawa hiyo imefungwa. Vitu hivyo ndivyo vinavyoamua kama mzigo utafika ukiwa mzima, na kama utauzwa wote kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Rwanda, ambako sehemu kubwa ya dawa huagizwa kutoka nje na nchi haina bandari ya bahari. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, dawa za binadamu kwa ujumla huingia bila ushuru wa forodha. Kwa hiyo mara nyingi kinachokula faida ya mwagizaji ni safari ndefu, siku za kusubiri na mzigo unaoharibika au kuisha muda ukiwa ghalani.

Dawa zinazozungumziwa

Vidonge vya aleji vinavyofahamika zaidi madukani ni vya aina tatu. Klorfeniramini ya miligramu 4 ndiyo ya zamani na ya bei nafuu zaidi. Wateja wengi wa Afrika Mashariki huiita Piriton hata kama imetengenezwa na kiwanda kingine, na wanaijua kwa kuleta usingizi. Setirizini na loratadini, ambazo kwa mtu mzima huwa za miligramu 10, zilikuja baadaye na hazileti usingizi kwa kiasi hicho. Majina ya kibiashara ya mwanzo ya dawa hizo mbili ni Zyrtec na Claritin, lakini leo viwanda vingi duniani vinazitengeneza.

Dawa hizi kwa kawaida huuzwa bila cheti cha daktari. Nchini Marekani, kwa mfano, loratadini iliruhusiwa kuuzwa hivyo mwaka 2002 na setirizini mwaka 2007. Maana yake kibiashara ni kwamba mnunuzi husimama mbele ya muuzaji bila maelezo ya daktari, na kinachompa taarifa ni boksi na karatasi iliyomo ndani yake. Kifungashio kikipotea, taarifa nazo zimepotea.

Habari njema kwa mwagizaji ni kwamba vidonge hivi havihitaji jokofu. Ni vistahimilivu kuliko dawa kama amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, ambayo huharibika haraka ikiguswa na unyevu. Lakini kustahimili kuna mipaka. Maadui wake ni watatu: joto, unyevu na mwanga.

Joto huharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya kidonge. Kanuni inayotumiwa na wataalamu kukadiria ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko hayo huongezeka mara mbili hadi mara nne. Unyevu hulainisha kidonge, hupasua ganda lake la juu, huleta madoa na hubadilisha namna kinavyoyeyuka tumboni. Mwanga nao huathiri baadhi ya dawa, na klorfeniramini ni mojawapo ya zile zinazotakiwa kukingwa na mwanga.

Joto la Kigali na joto la njiani

Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mchana joto huwa kati ya nyuzi 26 na 28 kwa siku nyingi za mwaka. Duka lenye kivuli na hewa ya kutosha linaweza kukaa chini ya nyuzi 30 bila kutumia umeme mwingi. Kwa hali hiyo, hatari kubwa kwa mzigo iko kabla haujafika mjini.

Mizigo mingi ya baharini inayokuja Rwanda hupitia njia mbili. Ya kwanza ni Ushoroba wa Kati, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo na kuingia Kigali, safari ya karibu kilomita 1,500. Ya pili ni Ushoroba wa Kaskazini, kutoka Mombasa kupitia Uganda, ambayo ni ndefu zaidi, karibu kilomita 1,700. Bandari zote mbili ziko pwani, ambako kati ya Januari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa hewa huwa mkubwa.

Ndani ya kontena la chuma lililoachwa juani hali huwa mbaya zaidi. Hewa iliyo karibu na paa inaweza kupita nyuzi joto 50. Usiku chuma kinapopoa, unyevu uliomo hugeuka matone na kudondokea maboksi, jambo ambalo wasafirishaji hulifananisha na jasho. Boksi likilowa hupoteza nguvu, na yale ya juu huyaponda ya chini. Ndiyo sababu waagizaji waangalifu huweka ndani ya kontena vifaa vidogo vya kurekodi joto na vifuko vya kunyonya unyevu, na hutaka maboksi ya dawa yasigusane na paa wala kuta.

Siku za kusubiri nazo ni gharama. Mfumo wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza kutumika mwaka 2014 uliwezesha mzigo wa Rwanda kutolewa maelezo ya forodha ukiwa bado bandarini. Mwezi Aprili 2016 kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo kilizinduliwa rasmi, na lori likaacha kusimama mara mbili kwa ukaguzi wa nchi mbili. Kwa upande mwingine, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, na kufunguliwa kwake kulikodumu kulianza Januari 31, 2022. Kipindi hicho kilionyesha jinsi ratiba ya mwagizaji inavyoweza kuvurugika ghafla, na kwa nini dawa iliyofungwa vizuri ni bima ya aina yake.

Maana ya namba zilizo kwenye boksi

Karibu kila boksi la dawa lina maneno yanayotaka dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, au chini ya 25, mahali pakavu na pasipo mwanga. Maneno hayo yanatokana na majaribio.

Shirika la Afya Duniani na wadhibiti wa dawa wameigawa dunia katika kanda kulingana na hali ya hewa. Nchi nyingi za Ulaya ziko kwenye kanda ambazo dawa hujaribiwa kwa muda mrefu katika joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Nchi za joto na unyevu ziko kanda ya nne, ambayo mwaka 2005 iligawanywa sehemu mbili: nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65, na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Afrika Mashariki iko kanda hiyo ya nne. Aidha, kiwanda hufanya jaribio la haraka kwa kuweka dawa kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6.

Majaribio hayo hufanywa dawa ikiwa ndani ya kifungashio kitakachouzwa sokoni. Kwa sababu hiyo, tarehe ya mwisho wa matumizi ni ahadi yenye masharti mawili: dawa iwe imehifadhiwa kwa joto lililoandikwa, na iwe bado ndani ya kifungashio chake. Sharti moja likivunjwa, tarehe iliyochapishwa haina tena wa kuidhamini.

Ni sababu hiyo pia inayofanya shehena ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi baridi isiwe rahisi kama inavyoonekana. Vidonge vilevile, vya kiwanda kilekile, vinaweza kuwa vimefungwa kwa plastiki nyepesi na kuandikwa nyuzi 20 hadi 25. Kuvipitisha Dar es Salaam mwezi Februari ni kuvitoa nje ya mipaka vilivyojaribiwa.

Aina tatu za vifungashio

Kifungashio kinachojulikana zaidi ni stripi, yaani kipande cha plastiki chenye vishimo na kufunikwa kwa karatasi ya alumini, ambacho mteja hukibonyeza kidonge kikatoka nyuma. Kiwandani, utando wa plastiki ya PVC, mara nyingi wenye unene wa maikroni 250, hupashwa joto na kufinyangwa kuwa vishimo. Vidonge huangushwa ndani, kisha alumini yenye unene wa maikroni 20 hivi hugandishwa juu yake kwa joto.

Tatizo ni kwamba PVC huzuia maji lakini haizuii kabisa mvuke. Katika joto la nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 90, utando wa unene huo huweza kupitisha karibu gramu 3 za mvuke kwa kila mita ya mraba kwa siku. Viwanda vinavyouza nchi zenye unyevu hupaka juu ya PVC tabaka jingine liitwalo PVDC, ambalo hupunguza upenyaji huo mara kadhaa. Kwa macho tofauti haionekani kirahisi, na njia ya uhakika ni kusoma maelezo ya usajili au kumuuliza mtengenezaji kwa maandishi.

Aina ya pili ni stripi ya alumini pande zote mbili. Hapa vishimo navyo hutengenezwa kwa alumini iliyounganishwa na nailoni na PVC, kwa kukandamizwa bila kupashwa joto. Mvuke na mwanga kwa kweli havipiti. Lakini ina gharama zake: malighafi ni ghali, vishimo huwa vipana, kwa hiyo stripi huwa kubwa na kontena hubeba vidonge vichache zaidi. Vilevile kidonge hakionekani mpaka kitolewe.

Aina ya tatu ni kopo la plastiki la vidonge 1,000, ambalo hutumika sana kwa klorfeniramini. Kwa mwagizaji ndilo lenye gharama ndogo ya usafiri kwa kila kidonge, kwani kopo moja huchukua nafasi ndogo kuliko stripi 100 za vidonge 10 pamoja na maboksi yake. Kopo likiwa limefungwa na lakiri yake ikiwa haijakatwa, hulinda dawa vizuri. Udhaifu wake huanza siku linapofunguliwa. Kila mfuniko unapoinuliwa hewa yenye unyevu huingia, na kifuko cha kunyonya unyevu kilichomo ndani hufika mahali kikashiba. Duka linalomaliza kopo kwa wiki mbili halina wasiwasi mkubwa. Duka la mtaani linalolifungua na kulifunga kwa miezi minane lina mashaka.

Lakiri nayo ina historia. Mwaka 1982 watu 7 walikufa katika eneo la Chicago nchini Marekani baada ya mtu kutia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya Tylenol vilivyokuwa madukani. Mwaka huohuo serikali ya nchi hiyo iliweka kanuni za kutaka dawa zinazouzwa bila cheti zifungwe kwa namna inayoonyesha kama zimeguswa. Kopo ambalo lakiri yake imekatwa, au stripi ambayo alumini yake imetoboka, haipaswi kupokelewa hata kama tarehe bado iko mbali.

Ghalani

Mizigo ikishafika, hupelekwa kwenye maghala ya jijini au nje kidogo, likiwamo eneo la Masaka wilayani Kicukiro, ambako kituo cha mizigo cha Kigali kinachoendeshwa na kampuni ya DP World kilizinduliwa mwaka 2019. Hali ya hewa ya Kigali inasaidia, lakini paa la mabati lisilo na dari linaweza kuondoa faida hiyo alasiri moja ya kiangazi. Wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Desemba, adui huwa ni unyevu wa sakafuni na ukutani.

Kanuni za uhifadhi hazihitaji mitambo ya gharama kubwa. Maboksi yawekwe juu ya mbao za kupangia mizigo, mbali na ukuta na dirisha. Kipimajoto kiwekwe sehemu yenye joto zaidi ya ghala, ambayo mara nyingi ni rafu ya juu karibu na paa, na kisomwe asubuhi na alasiri huku namba zikiandikwa daftarini. Dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, hata kama ndiyo iliyoingia mwisho. Daftari la joto lina faida nyingine: mteja au mkaguzi akiuliza, mwenye ghala ana ushahidi wa maandishi.

Mkasi wa muuza dawa na bahasha ya karatasi

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Wateja wengi hawanunui stripi nzima. Anayepiga chafya au kuwashwa ngozi hutaka vidonge viwili au vinne, na muuzaji hukata stripi kwa mkasi. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi huchapishwa kwenye ncha moja tu. Kipande chenye maandishi kikiuzwa kwanza, vidonge vinavyobaki havina tarehe wala utambulisho. Mamlaka ikiamuru toleo fulani lirudishwe, duka haliwezi kujua kama vipande vilivyomo kwenye droo ni vya toleo hilo. Mkasi ukikosea na kugusa kishimo, mvuke umepata mlango.

Dawa ni rahisi: kukata kuanzia upande usio na maandishi, na kuacha ncha yenye tarehe iwe ya mwisho. Baadhi ya viwanda huchapisha tarehe nyuma ya kila kishimo. Mwagizaji anayeuza kwa maduka yanayokata stripi anafaa kulitaja hilo katika oda yake, kwani kuchapisha ni nafuu kuliko kutupa.

Kwa vidonge vya kopo, Rwanda ina hali yake ya pekee. Nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikapitisha sheria nyingine dhidi ya plastiki zinazotumika mara moja. Stripi za viwandani zinaendelea kuingia na kuuzwa, lakini vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo hutiwa kwenye bahasha za karatasi. Bahasha hiyo ni nzuri kwa mazingira na ina nafasi ya kuandika maelekezo. Hata hivyo, karatasi ya kawaida haizuii unyevu. Inafaa kwa dozi ya siku chache, haifai kwa vidonge vya kuweka nyumbani msimu mzima. Mteja mwenye aleji ya kurudiarudia ni mteja wa stripi, na muuzaji anayemweleza hivyo anauza bidhaa yenye thamani zaidi bila kumdanganya.

Hesabu ya miezi

Tuchukue mfano wa setirizini yenye muda wa miezi 36. Ikikaa miezi 3 kiwandani na kwa wakala, miezi 2 baharini na bandarini, na mwezi 1 barabarani na forodhani, inaingia ghala la Kigali ikiwa na miezi 30. Muuzaji wa jumla ana nafasi ya kuuza bila haraka. Lakini akikubali punguzo la bei kwa mzigo uliobakiza miezi 14 ukiwa kiwandani, safari hiyohiyo inamwachia miezi 11 au pungufu. Maduka hukataa dawa ya muda mfupi au hudai punguzo, na wadhibiti nao huweka kiwango cha chini cha muda unaotakiwa kubaki wakati wa kuingiza. Dawa iliyoisha muda hairuhusiwi kutupwa jalalani. Huteketezwa chini ya usimamizi, na gharama humrudia mwenye mali.

Kabla ya kulipa

Mwagizaji anashauriwa kukagua mambo yafuatayo:

1. Dawa iwe imesajiliwa au kuruhusiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kifungashio kiwe kilekile kilichosajiliwa. Kubadili stripi kuwa kopo, au plastiki kuwa alumini, kunahitaji idhini.

2. Joto lililoandikwa kwenye boksi liwe nyuzi 30, na majaribio yawe ya kanda ya nne.

3. Namba ya toleo na tarehe zilingane kwenye boksi la nje, boksi dogo na stripi.

4. Muda uliobaki utajwe kwenye mkataba kwa miezi, ukihesabiwa siku ya kupakia.

5. Kifaa cha kurekodi joto kiwe ndani ya kontena, na mkataba useme nani anabeba hasara kikionyesha joto limepita kiasi.

6. Lakiri na stripi chache zikaguliwe kabla ya kusaini kupokea mzigo.

Wafanyabiashara wadogo wa mpakani wanapaswa kuelewa kuwa utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 unahusu forodha. Hauondoi kibali cha mdhibiti wa dawa, hata kwa kopo moja.

Kwa upande wa kanuni, mwelekeo ni wa kuunganisha masoko. Mpango wa Jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Tanzania ilifikia daraja la tatu la udhibiti la Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na Rwanda ikalifikia Desemba 2024. Kigali pia ilichaguliwa mwaka 2022 kuwa makao makuu ya Wakala wa Dawa wa Afrika. Kadiri nchi zinavyotambua majaribio ya wenzao, kifungashio kimoja kilichothibitishwa kwa joto la nyuzi 30 kitaweza kuuzwa katika nchi nyingi zaidi. Mwagizaji anayekitaka kwenye oda yake leo atakuwa tayari kwa soko hilo, na mteja wake wa Kimironko au Nyabugogo atapata kidonge chenye nguvu ileile kiliyokuwa nayo kilipotoka kiwandani.